Je, Wajua? Mashujaa Wanaorudi Kwenye Gemu Wakakosa Kazi

Je, wajua kuwa gemu ya Mass Effect 2 ilimpa mchezaji wenzake 12 wa kikosi, kila mmoja na hadithi yake, na toleo lililofuata likawarudisha kikosini wawili tu? Ni Garrus na Tali. Wale kumi waliobaki hujitokeza kwenye Mass Effect 3 kama mgeni aliyealikwa shughulini kisha akasahaulika wakati wa kupakua pilau. Mmoja anakusalimu, anakusaidia kazi moja, anakuaga, na huenda usimsikie tena mpaka mazungumzo mafupi ya kuagana kabla ya vita vya mwisho.

Kwa ambaye hajaigusa: Mass Effect ni hadithi ya anga za mbali iliyotengenezwa na studio ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Toleo la kwanza lilitoka 2007, la pili 2010, la tatu 2012. Mchezaji ni Kamanda Shepard, na kilichoifanya gemu hii isifanane na nyingine ni kwamba sevu yako ya toleo moja huingizwa kwenye toleo linalofuata. Uliyemwokoa anabaki hai. Uliyemuua hafufuki. Ni gemu inayomtaka mtu akae peke yake na mashine kwa wiki nyingi, ndiyo maana haina nafasi kubwa kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako watu hulipia muda na mpira ndio unaotawala. Walioicheza nyumbani, hata hivyo, hawaisahau. Nami nitataja hapa nani anakufa na nani anapona, katika gemu hii na nyingine kadhaa, kwa hiyo asiyetaka kujua mapema aliweke kando gazeti hili kwanza.

Kwa nini kumi wale walikosa kazi? Jibu la kwanza ni hesabu. Mwishoni mwa toleo la pili kuna misheni ya kujitoa mhanga, na yeyote kati ya wale 12 anaweza kufa humo kutegemea ulivyojiandaa na nani ulimpa jukumu gani. Mhusika mmoja ana hali mbili, hai au maiti. Wahusika wawili wanatoa michanganyiko minne, watatu minane, na ukifika 12 unapata 4,096. Si yote inayowezekana, kwani wasiponusurika angalau wawili, Shepard mwenyewe hufa na sevu hiyo haipokelewi na toleo la tatu. Hata hivyo mwandishi anabaki na mlima mbele yake. Kila sentensi inayotamkwa lazima iandikwe, irekodiwe na mwigizaji, uso na mdomo vichezeshwe viendane nayo, itafsiriwe, kisha ijaribiwe. Ni vigumu kumshawishi msimamizi alipie kazi yote hiyo kwa mtu ambaye baadhi ya wachezaji walishamzika. Uhuru wa kumpoteza mhusika leo unageuka kuwa sababu ya kumnyima nafasi kesho, kwa sababu misheni yoyote anayoishika lazima iweze kwenda bila yeye.

Hilo ndilo jibu linalotolewa mara nyingi, nami nalikubali kwa nusu tu. Garrus na Tali nao wanaweza kufa kwenye misheni ileile. Wapo wachezaji waliofika toleo la tatu wakiwa wamewapoteza wote wawili. Bado studio iliwaandikia nafasi kamili kikosini, sauti zao zikajaa melini, na Garrus akapewa baadhi ya mazungumzo yanayopendwa kuliko yote katika mfululizo mzima. Kwa hiyo iliwezekana. Mtu fulani alikaa mezani akaamua nani anastahili gharama ile na nani hastahili, na waliokuwepo tangu toleo la kwanza ndio waliobahatika.

Tazama waliokosa. Jack, mfungwa aliyefanyiwa majaribio ya kikatili tangu utotoni, anarudi akiwa mwalimu wa vijana wenye vipaji kwenye chuo cha Grissom. Ni wazo zuri mno. Mtoto aliyeteswa na watafiti amekuwa mlezi anayewalinda watoto wa wenzake. Lakini tunamwona kwenye misheni moja, na misheni hiyo ina muda wake wa kwisha. Ukichelewa, kundi adui la Cerberus wanamchukua, wanamgeuza kuwa askari wao, na baadaye unalazimika kupigana naye. Angalau katika hali hiyo adhabu ina uzito, na ni wewe uliyechelewa.

Morinth hakupata hata hilo. Ni binti muuaji wa shujaa Samara, na kwenye toleo la pili unaweza kumsaidia amuue mama yake kisha achukue nafasi yake kikosini kwa kujifanya yeye. Ni uamuzi wa giza, wa nadra, na mchezaji aliyeuchukua alikuwa na haki ya kutarajia makubwa. Kwenye toleo la tatu anapata ujumbe mfupi wa maandishi. Halafu, katikati ya vita vya London, anatokea adui mmoja aliyegeuzwa zimwi, na juu yake pameandikwa jina Morinth. Humsikii akisema neno. Unampiga risasi unaendelea. Kati ya mifano yote nitakayoitaja leo, huu ndio unaoniuma zaidi, kwa kuwa njia ile ngumu ilifunguliwa na watengenezaji wenyewe.

Jacob Taylor naye alirudi na mwanamke mwingine. Mchezaji aliyemchagua Shepard wa kike akamfanya Jacob mpenzi wake hukuta kwenye toleo la tatu kwamba Jacob yuko na Dakta Brynn Cole, na tayari wanatarajia mtoto. Hakuna njia ya kulizuia hilo. Usaliti unaweza kuwa hadithi nzuri, lakini huu umeandikwa kama taarifa tu.

Sasa niseme kilichofanyika vizuri. Mordin Solus ni daktari aliyewahi kushiriki kuuboresha ugonjwa unaowafanya viumbe waitwao krogan wasizae. Kwenye toleo la tatu anarudi kuuponya, na kwa wachezaji wengi anakufa juu ya mnara akisambaza dawa, kwa hiari yake, akilipa deni lake mwenyewe. Inawezekana kumshawishi aache na abaki hai, lakini njia hiyo hufunguka tu ikiwa Wrex, kiongozi wa krogan mwenye busara, alishakufa tangu toleo la kwanza na nafasi yake imeshikwa na ndugu yake Wreav mpenda vita, na pia ikiwa data ya utafiti wa dawa uliiteketeza kwenye toleo la pili, hivyo Eve, mwanamke wa krogan mwenye hekima, naye hayupo. Maamuzi ya gemu tatu yanakutana kwenye lifti moja. Na ikiwa Mordin alikufa mapema, nafasi yake hushikwa na Padok Wiks, mwanasayansi mwenye imani na tabia yake, si Mordin aliyebadilishwa sura. Kilichotumika hapa ni kalamu ileile na mashine zilezile zilizomfanyia Morinth alichofanyiwa. Mwigizaji wa sauti ya Mordin tu ndiye aliyebadilika, kutoka Michael Beattie hadi William Salyers, na huzuni ya mnara haikupungua.

Je, wajua kuwa mmoja wa wahusika waliotendewa haki zaidi katika mfululizo huu ni mtu mdogo kabisa? Anaitwa Conrad Verner, shabiki msumbufu anayemfuatafuata Shepard kwenye toleo la kwanza. Kwenye toleo la pili kosa la programu lilimfanya amkumbuke Shepard vibaya. Hata kama ulimwambia kwa upole arudi nyumbani, alilalamika kuwa ulimwelekezea bastola usoni. Studio ingeweza kulifumbia macho. Badala yake, kwenye toleo la tatu, Conrad mwenyewe anakiri kuwa maneno yale hayakuwa sahihi. Kisha mazungumzo yake yanachokonoa kazi ndogondogo ulizofanya 2007, leseni uliyonunua, maandishi uliyokusanya. Risasi inapotaka kufyatuliwa, anajitupa mbele kukukinga. Anapona ikiwa ulimsaidia mhudumu mmoja wa baa aitwaye Jenna, miaka mitano ya dunia halisi kabla ya hapo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiharibu bunduki ile. Tukio zima ni la dakika chache na halikuhitaji misheni wala jeshi. Lilihitaji mwandishi aliyekumbuka.

Emily Wong hakukumbukwa hivyo. Mwandishi wa habari huyu wa toleo la kwanza, aliyefichua uhalifu kwa msaada wako, haonekani kabisa ndani ya Mass Effect 3. Alifia kwenye Twitter. Kabla ya gemu kutoka, kampeni ya matangazo ilirusha ujumbe wake mfupimfupi kana kwamba anaripoti shambulio la Los Angeles, hadi alipokiongoza chombo chake kikamgonge adui. Ndani ya gemu, chumba cha mwandishi wa habari melini alipewa mhusika mpya, Diana Allers, aliyeigizwa na mtangazaji Jessica Chobot. Asiyefuatilia mtandao huo wiki ile hakujua kuwa Emily amekufa.

Kuna sababu nyingine ya kibiashara ambayo wachezaji wakongwe hatupendi kuikubali. Kila toleo jipya linatafuta mnunuzi mpya. Mass Effect 2 ilipofika kwenye PlayStation 3 mwaka 2011, toleo la kwanza halikuwepo kwenye mashine hiyo, ikabidi watengeneze kitabu cha picha cha kuchezeka, Genesis, ili mgeni achague maamuzi makubwa kwa haraka. Anayeanza toleo la pili bila sevu wala kitabu hicho hukuta Wrex ameshakufa, bila hata kujua kwamba aliwahi kuwapo. Mwandishi anayemwandikia mtu huyu na mimi kwa pamoja ana kazi ngumu. Mara nyingi anatafuta njia ya katikati, na katikati hapo ndipo mhusika anayerudi anapewa salamu tatu na ujumbe wa barua pepe. Ashley na Kaidan, wenzake Shepard wa toleo la kwanza, waliliona hilo mapema. Mmoja wao lazima afe kwenye sayari ya Virmire, na aliyebaki anajitokeza kwenye toleo la pili kwa tukio moja la dakika chache, anakulaumu, anaondoka.

Wapo watengenezaji walioumaliza ugumu huu kwa panga. The Walking Dead ya Telltale ilimrudisha Kenny kwenye msimu wake wa pili, 2014, baada ya wengi kudhani amekufa kwenye msimu wa kwanza. Kurudi kwake kuliandikwa kwa moyo. Ni mtu aliyefiwa na familia yote, mkali, mwenye upendo na hatari kwa wakati mmoja, na mwisho wa msimu ulimtaka mchezaji aamue kati yake na mwenzao Jane. Watu waligawanyika juu ya uamuzi ule. Kisha ukaja msimu wa tatu mwishoni mwa 2016. Ukimchagua Kenny, unaonyeshwa kumbukumbu fupi anakufa baada ya ajali ya gari akimfundisha msichana Clementine kuendesha. Ukimchagua Jane, naye anakufa kwenye kumbukumbu fupi, kwa mkono wake. Njia zote zikarudi kuwa moja. Kwa mhasibu ni suluhisho safi. Kwa mtoto Clementine, ambaye mchezaji alimlea kwa misimu miwili, ni msiba uliopewa dakika chache.

Life is Strange nayo ilifanya jambo linalofanana na hilo, kwa upole zaidi. Mwaka 2015 studio ya Dontnod ya Paris iliufunga mchezo huo kwa swali gumu: umtoe rafiki yako Chloe afe, au uuache mji mzima wa Arcadia Bay uteketee ili aishi. Mwaka 2024 Max, shujaa wa mchezo ule, akarudi kwenye Double Exposure, iliyotengenezwa na Deck Nine ya Marekani. Inakuuliza mwanzoni uliamua nini. Ukisema Chloe alikufa, hayupo. Ukisema yu hai, basi waliachana, na hayupo pia. Nawaelewa waliokasirika. Kuutoa mji mzima kafara kwa ajili ya mtu mmoja, halafu kuambiwa mlishindwana, kungeweza kuwa hadithi kubwa sana ya watu wazima, lakini ingehitaji Chloe asimame mbele yetu azungumze.

Wakati mwingine sababu iko nje ya hadithi kabisa. Je, wajua kuwa Chloe huyohuyo aliwahi kurudi bila sauti yake? Before the Storm ya 2017 inamhusu yeye tangu mwanzo hadi mwisho, lakini Ashly Burch, aliyemwigiza awali, hakuweza kufanya kazi hiyo kwa kuwa waigizaji wa sauti wa Marekani walikuwa kwenye mgomo. Sauti ikatolewa na Rhianna DeVries, na Burch akabaki kama mshauri wa uandishi. Mgomo ulipokwisha, alirudi kwenye sura ya nyongeza iitwayo Farewell, pamoja na Hannah Telle, sauti ya Max. Hapo mhusika hakupotezwa na mtu yeyote. Watu walikuwa wanadai haki ya kazi yao.

Japani wana historia ndefu zaidi ya tatizo hili. Chrono Cross ya 1999 ilifuata Chrono Trigger ya 1995, moja ya gemu zinazopendwa kuliko zote za aina yake, na ikajaza wahusika 45 wa kuchezesha. Kati yao hakuna hata mmoja wa mashujaa wa zamani. Crono, Marle na Lucca hutokea kama vivuli vya watoto vinavyoongea kwa mafumbo. Kulikuwa na mpango wa kumrudisha Magus, mchawi mwenye uchungu aliyekuwa akimtafuta dada yake. Mpango ukaachwa, kwa kuwa kundi lilikuwa kubwa mno kiasi kwamba asingepata uzito wake, na mabaki yake yakawa mwanamazingaombwe mwenye kinyago aitwaye Guile. Uamuzi wa kutomrudisha kabisa kuliko kumrudisha nusu ninauheshimu. Ninachojiuliza ni kwa nini wahusika 45 walionekana muhimu kuliko mmoja aliyebaki na jambo la kumaliza, maana wengi wa hao 45 wana tukio moja tu na lafudhi ya kuchekesha.

Kingdom Hearts III, 2019, ilikwenda upande mwingine. Iliwarudisha karibu wote. Kwa muda mrefu wa mchezo unazunguka dunia za Disney, halafu saa za mwisho, kwenye Makaburi ya Keyblade, mashujaa na maadui wa karibu miaka 17 wanamiminika kwa mkupuo, wanapigana zamu kwa zamu, wanatoa neno la mwisho, wanatoweka. Kairi ndiye aliyeumia zaidi. Yupo tangu 2002, anatumia sehemu kubwa ya toleo hili akifunzwa kupigana na silaha yake mwenyewe, na vita vinapofika anakamatwa na kupigwa ili shujaa mkuu, Sora, apate sababu ya kukasirika. Nyongeza ya Re Mind, Januari 2020, ilimruhusu mchezaji amwongoze Kairi kwenye pambano. Ilionyesha tu kwamba alikuwa tayari siku zote.

Kilichowezekana kilishaonekana mapema, 1998, kwa kutumia memori kadi ndogo. Suikoden II ya Konami ina mashujaa 108, idadi iliyotoka kwenye riwaya ya kale ya Kichina, na wengine kati yao ni watu wa toleo la kwanza, wakiwemo Viktor na Flik ambao ni nguzo za hadithi mpya. Ukiwa na sevu ya toleo la kwanza iliyokamilika, unaweza kumkuta shujaa wako wa zamani, McDohl, akivua samaki kwenye kijiji cha Banner. Aliyakataa madaraka aliyostahili akaondoka. Anakusaidia kupigana pale unapomwita, na asiye na sevu hakosi chochote cha lazima. Mfano huu unanishawishi kwamba hofu ya mchezaji mgeni ina dawa. Mhusika anaweza kuwa wa hiari na bado akaja akiwa mzima, na maisha yake aliyoyaishi tulipokuwa hatumwoni.

BioWare wenyewe walilijua hilo. Machi 2013, mwaka mmoja baada ya toleo la tatu, walitoa nyongeza ya Citadel, ambamo Wrex hatimaye anapigana tena kando ya Shepard na wote walio hai wanaalikwa nyumbani kwake kwa karamu. Grunt, krogan wa kikosi cha toleo la pili, anasimama mlangoni kama baunsa, Jack na mwenzake wa kikosi hicho Miranda wanagombana, na mwenzao Thane, ambaye alishafariki, anafanyiwa kumbukumbu yake. Ni saa chache zilizouzwa kando, kwa fedha ya ziada, na kwa wapenzi wengi wa mfululizo huu ndizo zinazofanya mwisho uvumilike.

Sasa wanaandaa Mass Effect nyingine. Desemba 2020 walionyesha kionjo chake, na uso unaotambulika humo ni wa Liara. Yeye ni asari, viumbe wanaoweza kuishi kama miaka elfu moja, na ni mmoja wa wachache ambao mchezaji hakupewa nafasi ya kuwapoteza mpaka dakika za mwisho za toleo la tatu. Nadhani amechaguliwa kwa sababu hana hesabu ngumu. Ninampenda Liara na nitafurahi kumwona, lakini Wrex naye ni wa jamii inayoishi karne nyingi, na Grunt alikuwa bado kijana. Kama kuna sevu zozote ambazo wawili hao wako hai, pana mtu Edmonton anayepaswa kuzifungua.